«Nimepigwa mara tatu, mama»: kijana wa Nyunzu na siku yake ya kwanza ya pentiboli

Nyunzu, Tanganyika – Ilikuwa Jumamosi, saa tatu za usiku, simu ya mama mmoja anayeishi katika kambi ya wakimbizi wa ndani, pembeni ya mji wa Nyunzu, ilipolia. Ulikuwa ujumbe wa sauti kutoka kwa mwanawe wa kwanza, aliye Louisville, jimbo la Kentucky, huko Marekani. Sauti ilikuwa ya mtu anayehema kama aliyetoka mbio. Ilisema hivi: «Mama, leo tumeenda porini na wenzangu wa kazi. Tumepigana na bunduki tangu asubuhi. Mimi nimepigwa mara tatu. Ya mguu na ya mkono si kitu, lakini hii ya mgongo ndiyo…» Ikakatika hapo.

Mama alisikiliza tena. Aliposikiliza mara ya tatu, jirani alikuwa amekwisha kuingia. Wakajaribu kupiga simu, mega zilikuwa zimekwisha, na maduka ya kuuza mega yalikuwa yamefungwa. Haukupita muda mrefu, nyumba ile ya turubai ikajaa watu. Wanawake walikaa chini kwenye mikeka. Wanaume waliwasha moto nje, kama inavyofanyika penye msiba. Nkambo wa kijana, yaani mama wa baba yake, alisema neno moja tu usiku ule: «Tulimtorosha risasi, na risasi zimemfuata hata huko.»

Hakulisema bure. Kijana huyo aliondoka hapa akiwa na miaka sita, mkononi mwa baba yake mdogo, katika vita vilivyoanza mwaka 1998. Walitembea hadi ziwani, wakavuka Ziwa Tanganyika usiku. Alikulia katika kambi ya Lugufu, mkoa wa Kigoma, Tanzania, kisha Nyarugusu, mpaka alipopata nafasi ya kupelekwa Marekani. Mama alibaki huku na wadogo zake, na huku vita vingine vikamkuta: vile vya Batwa na Baluba, vilivyoanza 2013 na kuwaka tena 2016. Vilikuwa vita vya mishale, mapanga na shoka, na vilimfanya jirani amkimbie jirani yake. Nyumba yake ya kijijini iliteketea. Tangu hapo yuko kambini.

Kwa hiyo usiku ule hakuna aliyelala. Kabla ya jua kutoka, mdogo wake kijana alikwenda mjini akasimama mbele ya duka la mega mpaka lilipofunguliwa. Ujumbe wa pili ukashuka. Ulikuwa umetumwa dakika mbili tu baada ya ule wa kwanza: «…ndiyo inauma kidogo! Samahani mama, kidole kimeteleza. Ni mchezo tu, mama. Si risasi, ni rangi. Wanauita pentiboli. Nikioga itatoka.»

Waombolezaji waligawanyika. Kuna waliocheka mpaka wakashika mbavu, na kuna waliokasirika wakasema mtoto wa Nyunzu hawezi kufanya mchezo wa jambo kama hilo. Nkambo aliuliza ni nani atakayelipa kuni zilizoungua usiku kucha. Mama hakucheka wala hakugomba. Aliomba kitu kimoja: mwanawe amweleze yote, tangu mwanzo, polepole, mpaka aelewe. Maelezo hayo yalikuja kwa siku kadhaa, ujumbe baada ya ujumbe. Familia imekubali yasimuliwe hapa bila majina, kwa sababu nyumba nyingi za Nyunzu zina mtoto ng'ambo, na siku moja mtoto huyo naye ataalikwa.

Pentiboli ni mchezo wa makundi mawili. Bunduki yake haina baruti. Inasukuma kwa hewa iliyobanwa kidonge cha mviringo chenye upana wa milimita 17 hivi, kama gololi ya watoto. Ganda la kidonge ni la gelatini, mfano wa yale maganda laini ya dawa za hospitali, na ndani mna rangi inayotoka kwa maji na sabuni. Kidonge kikikupata na kupasuka, rangi inabaki kwenye nguo, na wewe umetoka. Unangoja mzunguko mwingine. Mara nyingi kundi linaloshinda ni lile lililochukua bendera ya wenzao, au lililobaki na watu uwanjani.

Mchezo huu haukuanzia jeshini. Bunduki zake za kwanza zilitengenezwa kwa ajili ya watu wa misitu na wafugaji, wapate kutia alama miti na ng'ombe wakiwa mbali. Marafiki wachache wa Marekani, akiwemo mwandishi Charles Gaines na mfanyabiashara Hayes Noel, walikuwa wakibishana: porini nani atajiokoa vizuri zaidi, mtu wa mjini au mtu wa msitu? Tarehe 27 Juni 1981, wanaume 12 waliingia katika msitu wa Henniker, jimbo la New Hampshire, kila mmoja na bunduki ya rangi, kutafuta bendera zilizofichwa. Aliyeshinda alikuwa Ritchie White, mtu wa kazi ya misitu. Alizikusanya bendera zake zote bila kuonekana, na bila kupiga hata kidonge kimoja. Leo mchezo unachezwa katika nchi nyingi, na hata Nairobi viwanja vipo.

Sasa, yule anayeenda mara ya kwanza atakutana na nini?

Kwanza atakutana na karatasi. Mlangoni kila mchezaji anatia sahihi kwamba anajua anaweza kuumia. Kijana wetu anafanya kazi katika ghala la vifurushi, na Kiingereza chake ni cha kazini, kwa hiyo alimwomba mwenzake amsomee mstari kwa mstari kabla ya kusaini. Alifanya vizuri. Ajue pia kwamba bei ya kuingia na kukodi vifaa mara nyingi si bei yote, maana vidonge vikiisha, vingine vinanunuliwa. Mgeni anayefyatua ovyo kwa woga anamaliza vyake mapema na pesa yake pia.

Pili ni nguo. Avae shati la mikono mirefu na suruali ndefu, ikiwezekana mbili mbili, na viatu vinavyoshika udongo. Asivae nguo ya kanisani. Rangi inatoka, lakini matope na miiba havina huruma. Vijana wengi wanafikiri watasimama tu na kulenga. Ukweli ni kwamba mtu anakimbia ameinama, anapiga magoti, analala, anaamka. Baada ya nusu saa jasho linamtoka kama mtu anayelima bustani ya muhogo saa sita mchana. Maji ya kunywa ni lazima.

Tatu, na hili ndilo kubwa kuliko yote, ni kinyago cha macho na uso. Kidonge kinatoka kwa mwendo unaoweza kufika mita 90 kwa sekunde moja, na waangalizi wanapima bunduki kwa kifaa maalumu ili isizidi kiasi. Mgongoni kinaacha alama. Kwenye jicho kinapofua. Kwa hiyo ndani ya uwanja kinyago hakivuliwi hata kikijaa mvuke, hata kikijaa rangi, hata mtu akisikia hewa haimtoshi. Usipoona kitu, unainua mkono na kuita mwangalizi akutoe nje. Kila anayetoka uwanjani anafunika mdomo wa bunduki kwa kifuko chake, na kidonge kilichoanguka chini hakiokotwi kutiwa tena katika bunduki.

Nne ni maumivu. Kijana alimwambia mama yake kwamba ni kama kupigwa na kijiwe cha manati, kijiwe kidogo, cha mtu aliyesimama mbali. Kinauma, halafu kinawasha, halafu unakisahau. Alama yake ilikuwa nyekundu, ikageuka bluu, na baada ya wiki moja ikapotea. Anayepigwa kutoka karibu anaumia zaidi, ndiyo maana viwanja vingi vinakataza kumpiga mtu aliye hatua chache tu mbele yako.

Hayo yote kijana aliambiwa kabla ya kuingia. Kuna moja ambalo hakuna aliyemwambia, kwa sababu hakuna aliyelijua.

Filimbi ilipolia, alikimbia na wenzake mpaka nyuma ya ukuta wa mbao. Sauti ya bunduki zile haikumtisha. Anasema ni kavu na nyepesi, kama vijiti vinavyovunjwa haraka haraka. Lakini vidonge vilipoanza kugonga mbao karibu na kichwa chake, mwili wake ulilala chini kabla yeye hajaamua kulala. Pua ilikuwa kwenye udongo. Mikono ilikuwa juu ya kichwa. Alisikia mkono wa baba yake mdogo ukimkandamiza shingo katika shamba la muhogo, na sauti ile ya chini ikimwambia asikohoe. Baba mdogo huyo alifariki Nyarugusu miaka mingi iliyopita. Kijana alijua kabisa kwamba yuko Kentucky, kwamba ni Jumamosi, kwamba bosi wake yuko nyuma ya pipa hatua kumi kutoka hapo akicheka. Kujua huko hakukumsaidia kuamka.

Hajui alilala muda gani. Alikumbuka neno moja la maelezo ya mlangoni: ukitaka kutoka, inua mkono. Akainua mkono bila kuinua kichwa. Filimbi ikalia. Mwangalizi akaja akasimama mbele yake, akageukia upande wa pili, akafungua mikono miwili na kupaza sauti. Wote wakaacha kupiga. Akatembea mpaka nje ya wavu, mkono bado uko juu, na hakuna aliyemgusa.

Nje alimkuta Mkongo mwenzake, mtu wa Fizi, ambaye siku zote anaenda nao lakini hachezi. Kazi yake ni kuchoma nyama. Yule wa Fizi alimpa maji, akamwambia: «Pole, yaya. Mimi nililala hivyo hivyo mwaka jana. Ndiyo maana unaniona kwenye moto.» Hawakusema zaidi. Wakageuza nyama.

Mizunguko miwili ikapita akiwa amekaa hapo. Wa tatu alirudi. Mama alimuuliza kwa nini alirudi, na yeye mwenyewe alichelewa kujibu, ujumbe ulikuja kesho yake. Alisema alitaka kuona kama ule mkono utafanya kazi mara ya pili. Ukafanya. Alipigwa mguuni, akainua mkono, akatoka. Mzunguko uliofuata alipigwa mkononi, akatoka. Wa mwisho alipigwa mgongoni, na hapo alikuwa anacheka, ndipo akatoa simu kumtumia mama habari. Habari hiyo ndiyo iliyowasha moto wa msiba Nyunzu.

Mama alikuwa na maswali yake, na hayakuhusu kinyago wala vidonge.

Aliuliza: «Na wale wa upande mwingine, walikuwa watu gani?»

Kijana akajibu: «Ni wale wale tuliokwenda nao katika gari moja, mama. Mlangoni wanakufunga utepe mkononi, wewe mwekundu, wewe wa njano. Baadaye wanatuchanganya tena. Yule aliyenipiga mgongoni, mzunguko wa kwanza alikuwa wa upande wangu.»

«Na mkimaliza?»

«Tunakata utepe, tunautupa kwenye pipa la takataka, tunakula.»

Akauliza la mwisho: «Na mtu akiinua mkono, kweli wanamwacha?»

«Wanamwacha, mama.»

Jibu hilo alimwomba alirudie. Wanawake waliokuwa wamekaa naye, wale wale waliokesha usiku wa msiba usio msiba, walinyamaza. Katika Nyunzu hakuna anayehitaji kuelezwa kwa nini. Tarehe 30 Aprili 2015 kambi ya Vumilia 1, hapa hapa mjini, ilivamiwa na watu wenye mapanga, mishale na shoka. Shirika la Human Rights Watch lilihesabu Batwa wasiopungua 30 waliouawa, watu ambao walikuwa wamekwisha kukimbia vijiji vyao. Na vijiji vya Baluba navyo vilichomwa na kuzika watu wao. Pande zote mbili kuna walioinua mikono. Hapakuwa na mwenye filimbi. Na alama iliyomweka mtu upande huu au ule ilikuwa kabila la baba yake, ambalo jioni haikuwezekana kulikata na kulitupa.

Kutokana na yaliyoipata familia hii, kuna mambo matatu ya kushika.

La kwanza ni kwa ndugu walioko ng'ambo. Ujumbe wa kwenda nyumbani uanze na neno «niko mzima». Mengine yafuate. Huku mtandao unakatika, mega zinaisha, na maneno kama bunduki, kupigwa na pori hayasikilizwi kama huko. Mtu akitaka kuchekesha, aanze kwa kuwatuliza.

La pili ni kwa anayealikwa mara ya kwanza na aliwahi kukimbia vita. Ana ruhusa ya kukataa, na kukataa si woga. Akikubali, kwanza asimame nje ya wavu aangalie mzunguko mmoja na kusikia sauti zake. Amwambie rafiki mmoja kwamba huenda akahitaji kutoka. Amwone mwangalizi uso kwa uso kabla ya filimbi. Mwili ukilala chini wenyewe, asiuonee haya, ndio uliomfikisha hapo alipo. Na usingizi ukimkimbia siku zinazofuata, azungumze na mtu anayemwamini, au na watu wa afya.

La tatu ni kwa wazazi wa hapa. Watoto wetu wanachonga bunduki za mianzi na za mti wa mgomba, na wamekuwa wakifanya hivyo tangu zamani. Lakini mtoto mwenye kitu kinachofanana na bunduki, jioni, karibu na barabara wanapopita watu wenye silaha, yuko hatarini. Vilevile chuma chochote asichokijua, akikutane nacho shambani au kando ya reli, asikiguse wala asikirushe. Aache hapo, aite mtu mzima.

Katika kambi ile habari ya pentiboli ilienea haraka kuliko watu wazima walivyotaka. Siku chache baadaye watoto walikuwa wamekwisha kutengeneza yao. Hakuna bunduki, kuna vidonge vya matope mabichi vinavyorushwa kwa mkono, nyuma ya vyoo, pale palipo wazi. Nkambo aliwakuta mtoto mmoja akilia kwa tope la jicho. Alitaka kuwafukuza, kisha akavuta kiti chake. Tangu siku hiyo yeye ndiye mwangalizi. Anakaa na fimbo yake, na sheria zake ni tatu: hakuna kupiga kichwani, anayepigwa anainua mkono na kutoka, anayempiga aliyeinua mkono anakwenda kuchota maji.

Mchezo wa kwanza uliharibika kabla ya kuanza. Watoto walijigawa kama walivyosikia watu wazima wakijigawa, watoto wa huyu huku, watoto wa yule kule. Nkambo akagonga fimbo chini akawasimamisha wote. Mama wa kijana alikuwa akitwanga sombe karibu na hapo. Alikuwa amekataa kuangalia mchezo huo. Aliacha mchi, akaingia ndani, akatoka na kitenge kikuukuu, akakipasua vipande vyembamba. Akawapanga watoto mstari mmoja, akawafunga mkononi, huyu kitambaa, yule hana, huyu kitambaa, yule hana, bila kuuliza mtoto ni wa nani.

Sasa wanacheza karibu kila jioni kama mvua hainyeshi. Nkambo anagomba sana, hasa na kijana mmoja mdogo anayekataa kutoka hata akiwa ameloa tope mgongo mzima. Giza likianza kuingia, mama anawaita, anawafungua vitambaa kimoja kimoja na kuvihesabu. Vikitimia anavitia ndani ya sufuria isiyo na mfuniko, na watoto wanakwenda kunawa.